Nyumba ya Wasafiri ya George Katika Mji wa London

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za jengo moja lililoko London, kusini ya mto Thames, katika mtaa uitwao Southwark. Jina lake ni George Inn. Si jumba la mfalme wala si ngome. Ni nyumba ya kulaza wasafiri, nayo ilijengwa mwaka 1677 kwa mbao na matofali. Tumeichagua kwa sababu katika mji wote wa London ndiyo pekee iliyosalia miongoni mwa nyumba za wasafiri wa magari ya farasi zenye roshani za mbao zilizoelekea uani. Hapo kale nyumba za namna hii zilikuwa nyingi. Na hata hii moja si nzima. Majengo yake yaliuzunguka ua pande tatu. Leo umebaki upande mmoja tu, ule wa kusini. Basi mtu aingiapo pale huona kipande, na sehemu iliyopotea hana budi kuijenga upya kichwani mwake. Kazi hiyo ndiyo tutakayoifanya pamoja nanyi.

Kabla ya kutaja kuta na paa, kwanza tumfikirie farasi. Siku zile ambapo reli haijakuwako, mtu wa Uingereza aliyetaka kwenda mbali kwa nchi kavu alikwenda kwa miguu, au alipanda farasi, au alilipa nauli akaketi katika gari kubwa lililovutwa na farasi wanne. Farasi wanne waweza kukimbia na gari zito, lakini hawawezi kukimbia kutwa. Wakisha kwenda kiasi cha maili 10 huwa wamechoka, na hapo hufunguliwa, wakafungwa wengine wapya mahali pao. Gari huendelea mbele, na wale waliochoka hubaki nyuma kupumzika, hata lije gari jingine la kuwarudisha kwao. Kwa hiyo njia kuu zote zilikuwa na nyumba za kubadilisha farasi, moja baada ya nyingine, kama mafundo katika kamba. Msafiri alikula na kulala pale farasi walipobadilishwa, wala si pale alipopenda mwenyewe. Ukilishika neno hili, jengo lote litakueleza maana yake: lilipimwa kwanza kwa kipimo cha mnyama na gari, kisha binadamu akatafutiwa nafasi palipobaki.

Sasa mwanafunzi na achukue kalamu na karatasi, achore umbo la pembe nne, refu na jembamba, kama ubao wa mlango uliolazwa chini. Huo ndio mfano wa kiwanja. Katika miji ya kale ya Uingereza kila mfanya biashara alitaka mlango wake uelekee njia kuu, na kwa hiyo ardhi iliyopakana na njia ilikatwa vipande vyembamba vilivyokwenda nyuma mbali sana. Mwenye nyumba ya wasafiri hakuweza kuipanua nyumba yake kando ya njia, maana huku alikuwako jirani na huku jirani. Alijenga kwenda nyuma. Mbele, palipoelekea njia, aliweka vyumba vichache au maduka ya kupangisha. Na kupitia chini ya jengo hilo la mbele akafungua lango la kuingilia uani.

Lango hili lilikuwa jambo la hesabu. Likiwa jembamba mno, magurudumu yatagonga. Likiwa fupi, litawapasua vichwa abiria wa juu, kwani watu waliketi hata juu ya paa la gari pamoja na masanduku. Nalo likiwa pana kupita kiasi, mwenye nyumba hupoteza vyumba vya juu yake na kodi ya duka la mbele. Basi wajenzi walilipa nafasi ya kutosha tu, na ustadi wa mwendesha gari ulionekana hapo, alipowapinda farasi wanne kutoka katika njia iliyosongamana watu akawaingiza katika tundu lile bila kugusa ukuta. Abiria wa juu waliinamisha vichwa. Katika malango mengi yalisimikwa mawe imara chini penye pembe za kuta, ili gurudumu likikaribia mno lisukumwe kando na jiwe kabla kitovu chake hakijapasua matofali. Mawe hayo bado yaonekana katika miji mingi ya Uingereza, na wapitao kwa miguu hawajui kazi yake.

Ukipita lango waingia uani. Ua wa nyumba ya wasafiri ulikuwa kituo, na bohari, na soko, vyote pamoja. Hapo magari yalipakiwa na kupakuliwa. Hapo masaisi, yaani watunza farasi, walingoja na farasi wapya waliokwisha kuvikwa lijamu na hatamu. Chini waliweka mawe, maana ardhi tupu ingekuwa matope siku ya kwanza ya mvua. Mara nyingi nyua zilikuwa mbili: ule wa mbele uliozungukwa na vyumba vya wageni, na wa nyuma wenye mazizi ya farasi, na dari za majani makavu juu ya mazizi, na mabanda ya magari, na jaa la samadi. Twaona akili katika mpango huo. Uvundo na nzi walipelekwa mbali na mgeni mwenye fedha kadiri kiwanja kilivyoruhusu, ingawa hakikuruhusu sana.

Hata mahali palipokosekana nafasi kabisa, farasi hakunyimwa makao. Bwana mmoja aitwaye William Chaplin, aliyekuwa na nyumba ya wasafiri iitwayo Swan with Two Necks katikati ya London, alikuwa na farasi zaidi ya 1,000 katika kazi yake miaka ya 1830; na kwa kuwa kiwanja chake kilikuwa kidogo, alichimba mazizi chini ya ardhi ya kutosha farasi 200. Tutamrudia bwana huyu baadaye, maana mwisho wake wafundisha jambo.

Sasa tufike kwenye roshani, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndizo zilizoifanya nyumba ya George ijulikane. Fikiri wewe ndiwe mjenzi. Una jengo refu jembamba lenye vyumba vingi vilivyopangwa mstari mmoja, ghorofa juu ya ghorofa. Mgeni atafikaje chumbani mwake bila kupita katika vyumba vya wengine? Siku hizi tungejenga njia ndefu ndani ya nyumba. Lakini njia ya ndani hula upana wa vyumba, tena huwa na giza mchana na usiku, na siku zile taa ilikuwa mshumaa. Na mshumaa katika nyumba ya mbao, juu ya ghala la majani makavu, ni hatari. Basi wajenzi waliitoa njia nje. Waliitundika upande wa uani mbele ya ukuta, ikashikwa na nguzo na boriti, ikafunikwa isinyeshewe, ikawekewa kitalu cha vijiti vya mbao vilivyochongwa ili watu wasianguke. Ngazi ilipanda kutoka chini hadi roshani, na kila chumba kilifungua mlango wake humo. Katika nyumba ya George roshani hizo ni mbili, moja juu ya nyingine, na bado zimesimama.

Faida yake haikuwa nafasi tu. Mgeni aliyetoka chumbani aliona mara moja kama gari lake limekwisha kufungwa farasi, akaweza kumwita mchukuzi kwa sauti bila kushuka. Na mwenye nyumba, akisimama katikati ya ua, aliona milango yote: nani ametoka, nani amebeba sanduku la nani, na nani ateremka ngazi alfajiri kabla ya kulipa. Hasara nazo zilikuwako. Usiku wa baridi mgeni alitoka katika kitanda chenye joto akapigwa na upepo na theluji hapo hapo mlangoni. Na kila gari lililoingia saa nane za usiku, pamoja na kwato na makelele ya masaisi, liliwaamsha wote kwa pamoja. Yeyote aliyelala hapo alilala juu ya kituo cha magari.

Wasomaji wa Unguja na Lamu wanaojua nyumba za mawe zenye ua katikati wasidhani kwamba ni jambo lile lile. Ua wa nyumba ya pwani huficha: jamaa wa nyumba hukaa humo wasionekane na wapita njia. Ua wa nyumba ya wasafiri ya Kiingereza ulikuwa kinyume chake, maana ulimkaribisha kila mtu wa njiani, na mnyama wake, mpaka ndani kabisa.

Namna hii ya kujenga ilikuwa ya kale kuliko nyumba ya George. Katika mji wa Gloucester, magharibi ya Uingereza, iko nyumba iitwayo New Inn, maana yake nyumba mpya, nayo ilijengwa yapata mwaka 1450! Watawa wa monasteri ya mji ule waliijenga kwa ajili ya wahujaji waliokwenda kulizuru kaburi la mfalme Edward II, aliyekufa mwaka 1327. Nayo ina ua na roshani za mbao kuuzunguka, na ni miongoni mwa zilizohifadhika vizuri kupita zote. Mti wake ni mwaloni, mti mgumu sana. Maseremala wa zamani waliuchonga ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka hulegeza patasi. Walitengeneza kiunzi cha nyumba chini, wakakata ulimi katika boriti hii na tundu katika boriti ile, wakatia alama za hesabu kila kiungo kisichanganyike na kingine, kisha wakavisimamisha vipande mahali pake na kuvifunga kwa vigingi vya mti. Mti ulipokauka ulijinyonga na kuvibana viungo zaidi. Ndiyo maana nyumba nyingi za namna hiyo zaonekana zimepinda, nazo hazianguki.

Lakini adui wa mbao ni moto. Mwaka 1666 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa London, kaskazini ya mto, na sheria iliyofuata iliamuru kuta za nje za nyumba za mji huo ziwe za matofali au mawe. Miaka 10 baadaye, mwaka 1676, zamu ikawa ya Southwark. Mamia ya nyumba yaliungua, na nyumba ya George iliyokuwako pale tangu zamani ikawa majivu pamoja nazo. Iliyojengwa mwaka uliofuata ndiyo hii tuielezayo. Matofali yametumika, lakini roshani zilirudishwa kwa mbao vile vile. Hatuoni kwamba huo ulikuwa ukaidi. Kazi ilikuwa ni ile ile, kiwanja ni kile kile, na farasi hawakubadilika kwa sababu ya moto.

Tarehe hii yafaa kushikwa, maana yasahihisha jambo linalosemwa mara nyingi. Wengi hudhani ya kuwa Shakespeare, mtunga michezo mashuhuri, alicheza au alitazama michezo chini ya roshani hizi. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na roshani hizi ni za 1677. Haiwezekani. Lililo kweli ni kwamba katika karne ya 16, kabla na baada ya mwaka 1576 ambapo James Burbage alijenga nyumba ya michezo upande wa kaskazini wa mji, wachezaji walitumia nyua za baadhi ya nyumba za wasafiri za London, kama vile Bull na Bel Savage. Jukwaa liliwekwa uani, na watazamaji wakasimama kulizunguka au wakaketi katika roshani. Nyumba ya George ya kwanza, ile iliyoungua, Shakespeare yawezekana aliipita mara nyingi, kwa kuwa nyumba ya michezo iitwayo Globe ilijengwa katika Southwark hiyo hiyo mwaka 1599.

Pengine mtu atauliza kwa nini nyumba za wasafiri zilijazana Southwark. Sababu ni daraja. Hadi mwaka 1750, lilipofunguliwa daraja la Westminster, katikati ya London palikuwa na daraja moja tu la kuvuka Thames, nalo lilishukia Southwark upande wa kusini. Kila aliyetoka Kent au Sussex, na kila aliyetoka ng'ambo ya bahari kwa njia ya Dover, alipita hapo. John Stow, katika kitabu chake juu ya mji wa London kilichotoka mwaka 1598, alizitaja nyumba nane za wasafiri zilizokuwa katika njia hiyo, na George ilikuwa mojawapo. Jirani yake ilikuwa Tabard, ile ambayo mshairi Chaucer aliisimulia kuwa ndiko mahujaji wake walikoanza safari ya Canterbury. Wengi wa wasafiri hawakujua kusoma, basi kila nyumba ilitundika picha mlangoni: fahali, paa mweupe, kichwa cha mfalme, au Mtakatifu George akimwua joka. Mchukuzi aliambiwa, "Peleka mzigo kwa George," naye akatafuta picha.

Katika mji wa Stamford, kiasi cha maili 90 kutoka London kwenye njia kuu ya kaskazini, iko nyumba nyingine iitwayo George ambayo bango lake limetundikwa juu ya mwamba uliovuka njia nzima toka upande hata upande, ili mwendesha gari aione toka mbali. Humo mna vyumba viwili vya kungojea, kila kimoja na jina lake: London na York. Anayekwenda kusini alikaa katika kimoja, anayekwenda kaskazini katika kingine, na walipoitwa hapakuwa na fujo.

Haraka hiyo iliongezeka mwisho wa karne ya 18. Tarehe 2 Agosti 1784 gari la kwanza la posta lilitoka Bristol saa kumi alasiri likafika London saa mbili asubuhi ya pili, muda wa saa 16. Shauri hilo lilikuwa la John Palmer, mtu wa mji wa Bath. Tangu siku hiyo dakika zilianza kuhesabiwa. Mlinzi wa gari alipiga baragumu njiani ili masaisi wa mbele wawatoe farasi uani mapema. Na wakati barabara zilipotengenezwa vizuri kwa kokoto, farasi wanne walibadilishwa kwa dakika moja au mbili. Mlinzi alichukua saa iliyofungwa ndani ya kisanduku. Na saa ile iliwekwa iende mbele kidogo au nyuma kidogo kwa makusudi, kwani kila mji ulifuata jua lake wenyewe, na wakati wa Bristol ulikuwa nyuma ya wakati wa London kwa kiasi cha dakika 10.

Katika chumba cha chini cha nyumba ya George iko saa kubwa ya ukutani ya namna iliyotumika katika nyumba za wasafiri. Husemwa kwamba saa hizo zilianza mwaka 1797, serikali ilipotoza kodi juu ya saa za watu, wakawa watu hawanunui tena, na wenye nyumba wakatundika saa ya watu wote. Lakini kodi hiyo iliondolewa mwaka 1798, na saa za namna hii zilikuwako miaka mingi kabla yake. Zilikuwa kubwa ili mtu aliyechelewa azione toka mlangoni.

Wasafiri wenyewe hawakuwa sawa. Aliyeketi ndani ya gari alilipa kiasi cha mara mbili ya yule wa juu, naye alitandikiwa meza katika chumba chenye moto mzuri. Wa juu, aliyenyeshewa mvua njia nzima, ndiye aliyehitaji moto zaidi, na mara nyingi alipata mwisho.

Mambo haya yote yalikoma upesi kuliko yalivyoanza. Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830. Mwaka 1836 kituo cha reli kilifunguliwa penye daraja la London, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu kutoka nyumba ya George. Na mwaka 1844 gari la moshi lilifika Dover. Abiria aliyezoea kukaa siku nzima njiani akafika kwa muda wa saa chache, wala hakuhitaji farasi wapya, wala supu, wala kitanda. Bwana Chaplin tuliyemtaja aliona mapema. Aliuza magari na farasi wake, akaweka fedha zake katika reli, akawa mwenyekiti wa kampuni ya reli. Wengine walingoja, wakafilisika. Masaisi hawakuwa na kitu cha kuuza.

Nyumba za Southwark zilikufa moja moja. Tabard ilibomolewa katika miaka ya 1870. White Hart, nyumba ya paa mweupe, ilibomolewa mwaka 1889. Nyumba ya George iliponea kwa njia ya ajabu: iliyoinunua ilikuwa kampuni ya reli, Great Northern, nayo haikutaka vyumba wala roshani, ilitaka ua, uwe bohari ya mizigo yake. Mwaka 1889 kampuni ilibomoa pande mbili ipate nafasi. Upande wa kusini iliuacha. Mwaka 1937 kampuni iliyoirithi ile ya kwanza ilitoa kilichobaki kwa National Trust, chama kinachohifadhi majengo na ardhi za kale kwa ajili ya umma, na hata leo ni mali ya chama hicho.

Watu bado hula na kunywa humo. Vyumba vya juu vilivyokuwa vya kulala vimefanywa vya kulia chakula, na hakuna alalaye. Ukiingia kutoka njia kuu, jengo liko mkono wako wa kulia: roshani mbili za mbao zilizolegea kidogo, na milango nyuma yake. Geuka sasa, uitazame nafasi iliyo wazi. Huko ndiko zilikokuwa roshani nyingine na vyumba vyake, na mazizi nyuma yake. Leo kuna majengo ya siku za karibuni, na meza za wanywaji zimepangwa uani pale farasi walipofunguliwa.